Mdundo wa Earl Young: Je, Pigo la Ngoma Linaweza Kuwa na Mwenyewe?

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa disko kuna mabishano ambayo hayajawahi kumalizika, nayo yanamhusu mtu mmoja aliyekaa nyuma ya dramu katika studio mjini Philadelphia, Marekani. Upande mmoja unadai kwamba Earl Young ndiye aliyeuzaa mdundo wa disko, kwamba hata wimbo alimouzaa unajulikana kwa jina, na kwamba dunia iliyocheza kwa mdundo huo kwa zaidi ya miaka 50 ina deni kwake. Upande wa pili unajibu kwamba mdundo hauzaliwi na mtu mmoja, kwamba kila alichokipiga Young kilikuwa kimeshapigwa na wengine, na kwamba kumpa mpiga dramu mmoja umiliki wa pigo la ngoma ni sawa na kumpa mvuvi mmoja umiliki wa wimbi.

Naona mabishano haya yamechanganya maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni la historia: nani alifanya nini, lini, na kabla yake kulikuwa na nini. La pili ni la haki: aliyefanya alipwe nini, na kwa msingi gani. Wanaomtetea Young hushinda swali la kwanza kwa nusu, kisha hudhani wameshinda na la pili. Wanaompinga hufanya kosa hilohilo kwa upande wao: wakishaonyesha kwamba hakuwa wa kwanza, hudhani hakuna deni lolote lililobaki. Kazi ya maisha yake, kama mpiga dramu na kama mtayarishaji wa muziki, inaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja.

Tuanze na mdundo wenyewe, maana wengi huuzungumzia bila kuufungua. Seti ya dramu ina vyombo vitatu vinavyobeba mzigo mkubwa. Kuna ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa kanyagio la mguu, kuna ngoma ndogo yenye nyaya upande wa chini inayotoa sauti kali, na kuna matoazi mawili yaliyopandana juu ya nguzo, ambayo mguu mwingine huyafunga na kuyafungua huku mkono ukiyapiga kwa fimbo. Katika muziki wa fanki wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ngoma kubwa ilikuwa huru: iliruka, ilichelewa, ilijibizana na gitaa la besi, na mchezaji alilazimika kuusaka mwendo ndani ya mwili wake. Young aliishusha ngoma kubwa katika kila pigo kati ya mapigo manne, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja. Ngoma ndogo aliiacha mahali pake pa kawaida, katika pigo la pili na la nne. Kisha, na hapa ndipo penye siri, aliyafungua matoazi katikati ya pigo na pigo, yakatoa mvumo mfupi kama pumzi inayotoka puani, na kuyafunga tena pigo lililofuata lilipotua.

Matokeo yake ni kwamba mguu wa mchezaji unapata ardhi na kiuno chake kinapata upepo kwa wakati mmoja. Ngoma kubwa inamwambia wapi pa kukanyaga, na matoazi yanamwinua kabla hajakanyaga tena. Kwa DJ, faida ilikuwa nyingine. Ngoma isiyoruka pigo ni rahisi kuipanga juu ya ngoma ya santuri ya pili, kwa hiyo nyimbo mbili zinaweza kuunganishwa bila wachezaji kusimama. Mdundo huu ulienea kwa sababu ulikuwa mtamu, bila shaka, lakini pia kwa sababu ulikuwa chombo cha kazi kilichowafaa watu wa klabu kuliko chochote walichokuwa nacho kabla.

Wimbo unaotajwa kama chimbuko ni "The Love I Lost" wa Harold Melvin & the Blue Notes, uliotoka mwaka 1973, sauti kuu ikiwa ya Teddy Pendergrass. Simulizi inayorudiwa mara nyingi kuhusu siku ile inasema kwamba wimbo ulikusudiwa uwe wa taratibu, wimbo wa mtu anayelilia penzi lililopotea, na kwamba haukukaa vizuri mpaka ulipoongezwa mwendo. Ukiusikiliza leo unaelewa kwa nini simulizi hiyo inaaminika, kwa sababu maneno yake ni ya msiba ilhali dramu zinakimbia. Pendergrass anaomboleza na Young anasonga mbele, na mvutano huo ndio roho ya wimbo. Ulifika nambari 1 katika chati ya muziki wa soul ya Marekani na nambari 7 katika chati kuu. Hakuna anayesema wimbo huo ulifanikiwa kwa sababu ya dramu peke yake, lakini ukiziondoa dramu zile unabaki na wimbo mwingine kabisa.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito kuliko wafuasi wa Young wanavyopenda kukiri. Ngoma kubwa ya mapigo manne ilikuwapo tangu enzi za bendi kubwa za jazi, ambapo wapiga dramu waliigusa taratibu katika kila pigo ili kuipa besi mwili. Huko Detroit, kampuni ya Motown ilikuwa imezoea tangu katikati ya miaka ya 1960 kusisitiza mapigo yote manne, ikitumia ngoma ndogo au makofi. Mwaka 1971, matoazi yaliyopigwa haraka na Willie Hall katika wimbo wa filamu ya "Shaft" wa Isaac Hayes yalikwisha kuwafundisha wasikilizaji kwamba matoazi yanaweza kuwa sauti kuu ya wimbo. Mwaka 1972 Eddie Kendricks, aliyewahi kuimba na The Temptations, alitoa "Girl You Need a Change of Mind", wimbo wa zaidi ya dakika 7 ambao baadhi ya wanahistoria wa disko huuhesabu kuwa wa kwanza kabisa. Na mwaka huohuo wa 1972 Manu Dibango wa Kamerun alirekodi "Soul Makossa" kama upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya Mataifa ya Afrika yaliyofanyika nchini kwake. Santuri hiyo ilifika mikononi mwa David Mancuso, aliyekuwa akiendesha dansi nyumbani kwake New York, na kutoka hapo ikaingia katika chati za Marekani mwaka 1973, miezi michache kabla ya "The Love I Lost". Kwa maneno mengine, klabu zilizokuja kuitwa za disko zilikuwa tayari zinacheza, na mojawapo ya nyimbo zilizoziwasha ilitoka kwa Mwafrika.

Nikiupima ushahidi huu, hukumu yangu ni kwamba Young hakubuni sehemu yoyote ya mdundo wake, ila aliziunganisha sehemu hizo kwa namna ambayo haikuwapo kabla yake, na akairudia namna hiyo katika rekodi nyingi na kwa umahiri mkubwa mpaka ikawa kanuni. Kuunganisha si jambo dogo. Anayepika pilau hakubuni mchele wala bizari, na bado pilau yake hutambulika kwa jina lake mtaa mzima. Lakini kuunganisha hakumpi mtu haki ya kumzuia jirani asiweke bizari katika chungu chake.

Katika ushairi wetu kuna mfano ulio karibu zaidi. Utenzi una mizani 8 katika kila mshororo, na hakuna mshairi wa pwani aliyewahi kudai kodi kwa wengine kwa sababu yeye ndiye aliyetunga mapema kwa mizani hizo. Bahari, yaani umbo la utungo, ni ya wote, na beti ni za mtunzi. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye mfano huu humsahau kwa urahisi, naye ni mghani, aliyeupa utenzi sauti mbele ya watu. Mghani si mmiliki wa bahari wala si mtunzi wa beti, na hata hivyo waliohudhuria walimsikia yeye. Naamini kwamba Young, katika rekodi nyingi alizozipiga, alikuwa katika nafasi ya huyo wa tatu, na kwamba nusu ya ubishi ingekwisha kama tungekubali kumwita hivyo.

Ili kuona jinsi nafasi hiyo ilivyokuwa, inafaa kuingia Sigma Sound, studio iliyofunguliwa na fundi wa sauti Joe Tarsia mwaka 1968. Huko ndiko Kenny Gamble na Leon Huff, walioanzisha Philadelphia International Records mwaka 1971, walikorekodi nyimbo zao. Kundi la wanamuziki zaidi ya 30 walioitwa MFSB lilikuwa injini ya kampuni: wapiga fidla, tarumbeta, vibrafoni, magitaa, na katikati yao watu watatu waliokuwa moyo wa mwendo, Ronnie Baker kwenye besi, Norman Harris kwenye gitaa na Young kwenye dramu. Watu hao walipiga kwa O'Jays, kwa Spinners, kwa Stylistics na kwa wengine wengi. Mwaka 1974 MFSB yenyewe, pamoja na sauti za Three Degrees, ilifika nambari 1 Marekani kwa "TSOP", wimbo uliotumika kufungulia kipindi cha televisheni cha Soul Train.

Mwanamuziki wa studio alilipwa kwa kikao. Aliingia, akapiga, akaondoka na ujira wake, na kilichotokea kwa rekodi baada ya hapo hakikumhusu tena kifedha. Waliotajwa kama watunzi walipata mirabaha kila rekodi ilipouzwa na kila redio ilipoupiga wimbo. Ni rahisi kuwageuza Gamble na Huff kuwa wabaya wa hadithi hii, na kuna waandishi wanaofanya hivyo. Sikubaliani nao. Wawili hao walitunga maneno na nyimbo, walibeba hatari ya fedha, walijenga kampuni ya watu weusi iliyosimama imara katika biashara isiyowapenda, na walilipa kwa kanuni zilezile zilizotumika katika studio nyingine za nchi hiyo. Mpiga dramu aliyelipwa kikao kwa wimbo ambao haukuuza hakurudisha hela, na hiyo nayo ni sehemu ya mapatano. Hoja hii ni ya haki na haipaswi kupitwa haraka.

Hata hivyo ina ufa. Mapatano ya kikao yalidhani kwamba mpigaji anatekeleza tu kilichoandikwa, kama fundi anayepewa ramani ya nyumba. Kwa Philadelphia hali haikuwa hivyo kwa dramu. Fidla na tarumbeta ziliandikiwa na wapangaji kama Thom Bell na Bobby Martin, lakini mwendo wa besi, gitaa na dramu kwa sehemu kubwa ulitafutwa palepale, kwa kupiga na kujaribu. Fundi aliyejichorea ramani mwenyewe hawezi kulipwa kwa kujenga peke yake na tukasema hesabu imekamilika. Hapa ndipo watetezi wa Young wana haki kamili, na hawahitaji kudai kwamba yeye ndiye aliyebuni disko ili wawe na haki hiyo.

Young mwenyewe hakukaa akisubiri wanasheria. Jibu lake lilikuwa kazi ya utayarishaji, na naiona sehemu hii ya maisha yake kuwa muhimu kuliko inavyopewa nafasi. Pamoja na Baker na Harris alianzisha kampuni ya kutayarisha rekodi iliyobeba majina yao matatu, na pia lebo ya Golden Fleece iliyosambazwa kupitia CBS. Kwa upande mwingine aliongoza kundi lake, The Trammps, lililoanza kutoa rekodi mwaka 1972, ambamo alipiga dramu na pia kuimba sauti nzito ya chini huku Jimmy Ellis akiongoza. Maana ya hatua hiyo iko wazi. Kama mdundo hauwezi kumilikiwa, basi mwenye mdundo atafute kumiliki vinavyomilikika: rekodi, jina la kundi, mkataba wa utayarishaji.

Katikati ya muongo, madai ya malipo yaliwatenganisha wanamuziki wengi wa MFSB na Gamble na Huff, na wengi wao walivuka kwenda Salsoul, lebo ya ndugu wa ukoo wa Cayre wa New York, ambako mpiga vibrafoni Vincent Montana aliunda Salsoul Orchestra. Studio ilibaki Sigma, watu walibaki walewale, ila jina kwenye karatasi ya santuri lilibadilika. Mwaka 1976 kampuni ya Baker, Harris na Young ilitayarisha "Ten Percent" wa Double Exposure. Salsoul ilimpa DJ Walter Gibbons kanda za wimbo huo, akaunyoosha kutoka dakika kama 3 hadi zaidi ya 9, na ukauzwa madukani kwa santuri ya inchi 12, ya kwanza ya aina yake kuuzwa kwa umma. Inastahili kuangaliwa Gibbons alinyoosha nini. Alirefusha sehemu ambazo sauti za waimbaji zinanyamaza na kubaki dramu, kongo na besi. Soko lenyewe, bila kesi wala mahakama, lilikuwa limetamka kwamba watu wako tayari kununua dramu.

Mwaka huohuo The Trammps walitoa "Disco Inferno", ambao haukuvuma sana mpaka ulipoingizwa katika muziki wa filamu ya "Saturday Night Fever" mwaka 1977, kisha ukapanda hadi nambari 11 Marekani mwaka 1978. Albamu ya filamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka, nao The Trammps walikuwa miongoni mwa waliotuzwa. Lakini hata hapa, katika ushindi mkubwa zaidi wa kundi aliloliongoza mwenyewe, watunzi waliotajwa ni Leroy Green na Ron Kersey. Mkakati wa kuwa mtayarishaji na kiongozi ulimtoa Young katika ujira wa kikao, lakini haukumfikisha kwenye mirabaha ya utunzi, kwa sababu karatasi ya utunzi haina mstari wa dramu.

Kwa nini haina? Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kama ilivyo katika nchi nyingi, hulinda melodi na maneno, lakini kwa desturi imekataa kuuhesabu mdundo mtupu kuwa kazi ya mtunzi. Sababu zake si za kipuuzi. Midundo inayochezeka ni michache kuliko melodi. Mtu akipewa mapigo manne ya ngoma kubwa, atakuwa amepewa ufunguo wa nyumba ambayo watu wote wanaishi ndani yake, na wa kwanza kufukuzwa watakuwa vijana wasio na mawakili. Hata Young angeweza kuwa mshtakiwa wa kwanza, akishtakiwa na warithi wa wapiga dramu waliomtangulia. Kwa hoja hii peke yake nimeridhika kwamba mdundo wa disko haupaswi kuwa na mwenyewe.

Wapo wanaosema mambo yameanza kubadilika, na mifano yao inastahili kupimwa. Mwaka 2015 baraza la mahakama lilikubaliana na familia ya mwimbaji Marvin Gaye dhidi ya waandishi wa wimbo "Blurred Lines", walioshtakiwa kwa kuiga wimbo wake, na hukumu ikathibitishwa katika rufaa mwaka 2018, ingawa wanamuziki wengi walilalamika kwamba kilichofanana ni hisia na mwendo tu. Mwaka 2021 Cleveland Browne na wenzake, kwa niaba ya kazi ya wawili wa Jamaika waitwao Steely & Clevie, walifungua kesi California wakidai kwamba mdundo wao wa mwaka 1989 ndio msingi wa muziki wa regetoni, na zaidi ya wasanii 100 wametajwa humo. Mwaka 2024 jaji alikataa kuitupa kesi hiyo katika hatua ya awali. Kwa watetezi wa wapiga ngoma hizi ni habari njema. Mimi zinanitia hofu. Manu Dibango aliweza kumbana Michael Jackson kuhusu kibwagizo cha "Soul Makossa" kilichosikika katika albamu ya "Thriller" ya mwaka 1982, na wakamalizana nje ya mahakama, kwa kuwa kibwagizo kile kilikuwa na silabi zake, mpangilio wake na saini ya mtu mmoja. Mapigo manne hayana saini. Kuyalinda kwa namna ileile kungekuwa kuvuka mpaka ambao, ukishavukwa, haurudiki.

Kuna wanaotaka kuyamaliza yote haya kwa kusema kwamba mdundo wa disko ulikuwa wa kuchosha, kazi ya mashine iliyofanywa na mtu, na kwamba hakuna cha kudai. Hoja hii ilipata nguvu baada ya Julai 12, 1979, siku santuri za disko zilipolipuliwa katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mbele ya umati ulioshangilia. Ilipata nguvu zaidi mashine za ngoma zilipoingia: LM-1 ya Roger Linn na TR-808 ya Roland mwaka 1980, kisha TR-909, ambayo vijana wa Chicago waliitumia kujenga muziki wa hausi juu ya mapigo yaleyale manne. Lakini sikiliza kwa makini rekodi za Young. Matoazi hayafunguki kwa urefu uleule kila mara. Yanaachiwa zaidi kidogo mwimbaji anapokaribia kibwagizo, na yanabanwa fidla zinapoingia ili zisifunikwe. Ngoma kubwa haibadiliki, na kwa sababu haibadiliki, kila kitu kingine kinaruhusiwa kupumua. Uvumilivu wa kupiga hivyo kwa dakika 10 bila mwendo kulegea wala kukimbia ni ustadi ambao wapiga dramu huuheshimu na wasikilizaji huusahau. Mashine iliiga sehemu rahisi ya kazi yake. Sehemu ngumu ilichukuliwa kwa njia nyingine, yaani kwa kukata vipande vya rekodi zenyewe na kuvizungusha ndani ya nyimbo mpya.

Ukataji huo ndio unaotuonyesha jeraha liko wapi. Clyde Stubblefield, aliyepiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown, alisikika katika mamia ya nyimbo za watu wengine mpaka alipofariki mwaka 2017, bila mirabaha ya utunzi. Gregory Coleman wa The Winstons, ambaye sekunde chache za dramu zake za mwaka 1969 zilizaa aina nzima za muziki wa Uingereza, alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Hakuna aliyeiga wazo la Coleman akiwa mbali. Walichukua sauti ya mikono yake. Katika hali kama hiyo swali la nani alibuni mdundo halihitajiki kabisa. Mikono ni ileile, chumba ni kilekile, siku ni ileile.

Na hapo ndipo sheria ya Marekani ilipo dhaifu kuliko za nchi nyingi. Haki ya mtu aliyepiga au kuimba katika rekodi, ambayo kwa Kiswahili cha sheria huitwa hakishiriki, haitambuliwi na redio za kawaida za Marekani: kituo kikipiga "The Love I Lost", watunzi wanalipwa na wapigaji hawalipwi. Uingereza ina shirika la PPL ambalo hukusanya na kugawa malipo kwa wote waliosikika, mpiga dramu wa kikao akiwemo. Marekani ilifungua mlango kidogo mwaka 1995 kwa sheria ya matangazo ya kidijitali, na mgawo wake ni huu: asilimia 50 kwa mmiliki wa rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wasiotajwa mbele, ambayo nayo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya waimbaji wa nyuma na wapiga vyombo. Kwa hiyo Baker, Harris, Young na safu nzima ya fidla na tarumbeta wanagawana asilimia 2.5. Huku ndiko ningependa kuona nguvu ya watetezi wa Young ikielekezwa: kwenye redio zisizolipa na kwenye asilimia hiyo iliyo ndogo mno kwa watu waliofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kuamua ni njia ipi iliyo ya haki zaidi. Young hakuwa mpiga dramu pekee wa Philadelphia. Karl Chambers na Charles Collins nao walikaa kwenye kiti kile Sigma, na Collins alikibeba kwa miaka mingi wenzake walipohamia Salsoul. Tukilipa kwa msingi wa ubunifu wa mdundo, Young atapata kitu, pengine kikubwa, na Collins na Chambers hawatapata chochote, kwa sababu wao walipiga juu ya njia iliyokwisha kufunguliwa. Tukilipa kwa msingi wa mikono iliyosikika, Young atalipwa kwa "The Love I Lost", Collins atalipwa kwa alizopiga Collins, na Chambers kwa alizopiga Chambers, na kijana wa Chicago au wa Dar es Salaam anayeshusha ngoma kubwa katika kila pigo usiku wa leo hatamwomba mtu ruhusa.